Huruma Haina Kadi ya Chama

Wapo Wakristo, na miongoni mwao watumishi wa umma na walimu, ambao Jumapili husikiliza kwa unyenyekevu mfano wa Msamaria Mwema, na Jumatatu huuliza mfiwa ni mfuasi wa chama gani kabla ya kwenda kumpa pole. Huo ni unafiki, na hauna budi kukemewa.

Wanaoutetea hudai kwamba kumsaidia mpinzani ni kumpa nguvu. Hoja hiyo haina msingi. Wayahudi na Wasamaria hawakupatana, na ndiyo sababu Yesu alimchagua Msamaria. Lau Myahudi angemwokoa Myahudi mwenziwe, funzo lingekuwa dogo.

Mwezi Januari 2001, maandamano ya wafuasi wa CUF yalivunjwa kwa nguvu Unguja na Pemba. Tume ya Serikali iliyoongozwa na Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, nchini Kenya, kaskazini tu ya mpaka wa Tanga. Shimoni, ambako wakazi wengi ni Waislamu, iliwapokea. Mkristo wa Tanga na ajiulize: kama majahazi yale yangetia nanga Tanga, angepeleka maji na uji, au angedai kadi kwanza?

Jibu lilikuwako Muheza. Kwa miaka mingi Hospitali Teule ilitumika kama hospitali ya wilaya, kwa mapatano ya Kanisa Anglikana na Serikali. Malaria haikubagua dini wala siasa, na tiba haikupaswa kubagua.

Wala mbaguzi asijifiche nyuma ya Chama. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kukiri kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Sheria ya mwaka 1992 iliruhusu vyama vingi, haikufuta ujirani. Tarehe 10 Oktoba 2001, CCM na CUF walitia saini Muafaka. Ikiwa wenye ugomvi wenyewe waliketi meza moja, mwalimu anayesusia maziko ya jirani yake anamtetea nani?

Ushindani una mahali pake, napo ni jukwaani na kwenye sanduku la kura. Wodini, darasani na makaburini hauna nafasi. Mtumishi anayeuleta huko anaisaliti imani yake na kazi aliyokabidhiwa na wananchi wote.