Mbio za ski: Kwa mtoto wa Uvira, kizuizi ni karatasi kuliko baridi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijawahi kushiriki Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, na kwa wakaaji wa Uvira hilo si ajabu. Kando ya Ziwa Tanganyika kuna joto mwaka mzima. Hata juu Itombwe, ambako mtu hatoki usiku bila koti, theluji haianguki. Theluji ya Kongo iko Ruwenzori tu, upande wa Beni, nayo inazidi kuyeyuka.

Lakini vita vimezipeleka familia za Uvira na Fizi penye theluji. Wengi walipitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kupokelewa Marekani, Kanada au Norwe. Je, mtoto wao anaweza kuikimbilia Kongo kwenye ski?

Wengi watajibu kwamba baridi itamshinda. Historia ya Mkenya Philip Boit inaonyesha mengine. Boit alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Ufini, pamoja na Henry Bitok, kujifunza ski. Kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998, kilichomtesa katika kilomita 10 ni mvua: theluji ililowana ikanata chini ya ski zake. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyemngoja mwishoni na kumkumbatia.

Wasimulizi wengi huishia kwenye kumbatio hilo. Mapafu Boit alikuwa nayo. Miaka miwili tu ndiyo haikutosha kuijua theluji. Baridi ikizidi sana, chembe zake huwa kali na ski hukwama, kama mtu anayekimbia kwenye mchanga mkavu wa pwani ya ziwa. Kila hali ya hewa ina nta yake ya kupaka chini ya ski, na fundi wake, na vyote ni pesa. Chini ya digrii 20 chini ya sifuri, Shirikisho la Kimataifa, FIS, huahirisha mbio.

Mtoto wa Kongo anayekulia Norwe ana kile Boit alichokosa: theluji mlangoni tangu utotoni. Tatizo lake ni uraia, kwani Olimpiki inadai mwanamichezo awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliteleza kwa bendera ya Kenya huko Pyeongchang mwaka 2018. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine.

Kwa hiyo kijana akipokea paspoti ya Norwe, mbele ya sheria ya Kinshasa amekuwa mgeni, hata kama bibi yake angali anauza ndagala Kalundu.