Ngozi ya Simba na Swali la Susan

Kufungua hadithi ni kazi nyepesi kuliko kuifunga. Anayefungua ana "Paukwa" yake na wasikilizaji wana "Pakawa" yao. Jamvi limekwisha tandikwa na kila mtu ana hamu. Anayefunga hukuta hamu ile imegeuka kuwa deni. Wasimulizi wetu wa pwani walilijua deni hilo, ndiyo maana walikuwa na desturi ya kumaliza kwa kusema kwamba hadithi ikiwa njema, wema wake ni wa wote waliokaa kuisikiliza. Ikiwa mbaya, ubaya ni wa msimulizi peke yake. Nimeikumbuka desturi hiyo mwaka huu, nilipofika mwisho wa safari ndefu ya kumsomea mjukuu wangu vitabu vya Narnia.

Vitabu hivyo ni saba. Mwandishi wake, C. S. Lewis, alizaliwa Belfast mwaka 1898 na kufariki mwaka 1963. Alivitoa kimoja kila mwaka, tangu 1950 hadi 1956, na cha mwisho, The Last Battle, kilipewa nishani ya Carnegie, ambayo wakutubi wa Uingereza humtunukia mwandishi wa kitabu bora cha watoto. Mimi nilivisoma kwa Kiingereza ujanani. Mjukuu wangu, mwenye miaka kumi, amevipata kwa Kiswahili cha papo kwa papo: macho yangu yakiwa kwenye ukurasa wa Kiingereza, ulimi wangu ukitafuta njia ya kwetu, kila usiku baada ya chakula. Naam, Aslan nilimwita Simba, kwa kuwa jina lenyewe kwa Kituruki maana yake ndiyo hiyo. Usiku wa kwanza niliulizwa kama Yanga nao wamo. Tulicheka, tukaendelea.

Kitabu cha saba kilitufutia kicheko. Wako wasomaji wengi, waandishi wakubwa miongoni mwao, wanaokiona kuwa doa la mfululizo mzima, na wako wazazi wanaoishia cha sita kwa makusudi. Rai yangu ni tofauti. Nashikilia kwamba kitabu hiki kisomwe hadi mwisho, na kisomwe kwa sauti mbele ya watoto wenye ruhusa ya kukatiza. Kina makosa mawili mazito, nami sitayafunika. Lakini nusu yake ya kwanza inampa mtoto jicho la kuyatambua makosa hayohayo, na sijaona vitabu vingi vya watoto vyenye ukarimu wa namna hiyo.

Hadithi inaanza kwa nyani mzee aitwaye Shift na rafiki yake punda, Puzzle, asiyejiamini. Wanaiokota ngozi ya simba ikielea majini. Nyani anaishona, anamvika punda, kisha anawatangazia wanyama wa Narnia kwamba Aslan amerudi, yumo bandani, na hatasema na yeyote ila kwa kinywa cha nyani. Kwa amri za huyo "Aslan", miti inakatwa, farasi wasemao wanafungwa mikokoteni, na nchi inauzwa kwa majirani wa kusini, watu wa Calormen. Wanyama wanalia, wanauliza, kisha wanatii. Hawatii kwa ujinga. Wanatii kwa mapenzi, kwa sababu ngozi ile ni ya yule waliyemngoja maisha yao yote.

Sisi tuliokua na hadithi za Kiswahili tunamjua punda mwingine anayekutana na simba. Ni punda wa dobi, ambaye kisa chake kimo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870, na ambacho kabla ya hapo kilipita katika Kiarabu cha Kalila na Dimna. Sungura anamshawishi punda aende kwa simba. Punda anashambuliwa, anakimbia, kisha anashawishika tena na kurudi, na safari hiyo anauawa. Sungura anakula moyo na masikio, halafu anamwambia simba kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Wazee walitusimulia kisa hicho ili tucheke, nasi tukaondoka na funzo: mwenye masikio hadanganywi mara mbili.

Lewis anatoka mahali hapohapo, ila anageukia upande mwingine. Punda wake ana moyo, tena mwema. Alichokosa ni uthubutu wa kusema hapana kwa rafiki anayemwambia kila siku kwamba yeye hana akili. Nilipofika hapo mjukuu wangu alinishika mkono, akasema, "Babu, punda hana kosa." Nikamwambia asubiri. Baadaye alibadili kauli mwenyewe: kosa analo, ila dogo kuliko la nyani. Hakimu wa miaka kumi alikuwa amekwisha kupima tofauti kati ya mwongo na aliyekubali kuuvaa uongo wa mwenzake.

Kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, kiini cha kitabu kimo katika neno moja. Wanyama wanapoanza kuhoji, nyani anadai kwamba Aslan na Tash, mungu wa Calormen mwenye kichwa cha ndege na mikono minne, ni mmoja. Kisha majina mawili yanaunganishwa na kuwa "Tashlan". Mtu anaweza kuliona hili kuwa mchezo wa watoto. Mimi naliona kuwa maelezo sahihi ya namna lugha inavyoharibiwa. Mwongo mzoefu halifuti neno mnalolipenda. Hulishona pamoja na lingine, kila upande ukabaki na silabi yake ya kujifariji, na maana ikapotelea kwenye mshono.

Adhabu ya uongo huo nayo ni ya lugha. Paka aitwaye Ginger, mshirika wa hila zote, anaingia bandani akidhani hamna kitu, anatoka mbio, na anapotaka kusimulia alichokiona hawezi tena kusema. Mlio unaomtoka ni wa paka wa kawaida. Hapo nilikwama. Kiingereza kinaweza kumshusha mnyama kwa kiwakilishi tu, kikamwondoa katika daraja la watu na kumtia katika la vitu. Kiswahili hakina mteremko huo: punda amekuja, paka amekimbia, aseme asiseme, yumo katika ngeli ya watu. Nililazimika kutumia neno "hayawani" na kueleza kwamba wanazuoni wa zamani walimwita binadamu hayawani anenaye. Mtoto akaelewa papo hapo: anayelitumia neno kwa uongo hunyang'anywa neno.

Kuna dhara la pili, nalo linatisha zaidi. Mfalme Tirian anawaokoa mbilikimo waliokuwa wakipelekwa utumwani, anawaonyesha punda na ngozi yake, akitumaini watafurahi. Hawafurahi. Wanasema wamedanganywa mara moja na yatosha. Sasa hawamtaki Aslan wa uongo wala wa kweli, wanajitaka wao wenyewe. Mwishoni wanaketi duara katika nuru na maua wakiamini wamo gizani, na karamu wanayopewa inawawia majani makavu mdomoni. Uongo ukishagunduliwa huacha watu ambao hawawezi tena kuamini hata ukweli. Katika zama hizi za ujumbe wa kusambazwa usiku na kukanushwa asubuhi, sihitaji kumtafutia msomaji mifano.

Sasa nije kwenye makosa.

La kwanza nililisikia kabla ya kulifikiri. Watu wa Calormen wana nyuso nyeusi, ndevu, vilemba, na panga zilizopinda. Hata harufu ya vitunguu saumu imetajwa. Hawamtaji mtawala wao bila kumwombea maisha marefu, na mazungumzo yao yamejaa methali na kauli za washairi wao. Kwa Kiingereza, yote hayo yamewekwa ili mtoto wa Kiingereza awaone kuwa wageni, mara wa kuchekesha, mara wa kutisha. Lakini mimi nilikuwa nikisoma kwa Kiswahili. Adabu zile zilipopita ulimini mwangu hazikuwa ngeni hata kidogo. Maneno ya kumtukuza mkubwa yalijipanga kama katika barua za zamani za pwani, na methali zilikaa palepale ambapo mzee yeyote wa barazani angeziweka. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, mbona hawa maadui wanazungumza kama watu wa kwetu, na kina Tirian wanazungumza kama wageni?"

Swali hilo halikuwa na jibu la kukwepa. Lewis huyohuyo, katika The Horse and His Boy ya mwaka 1954, anakiri kwamba watu wa Calormen hufundishwa kusimulia hadithi kama watoto wa Uingereza wanavyofundishwa kuandika insha, na anakubali kwa utani kwamba hadithi ndizo watu hutaka kuzisikia. Aliujua uzuri wa jambo alilolidhihaki. Na katika kitabu cha mwisho anamwandika kijana mmoja wa Calormen, Emeth, ambaye jina lake kwa Kiebrania ni "kweli". Emeth amemtumikia Tash maisha yake yote kwa moyo safi, na Aslan anampokea, akimwambia kwamba utumishi wake mwema umehesabiwa kuwa ni wake Aslan. Ni ukurasa mzuri, na watu wengi humtetea Lewis kwa huo. Mimi naushukuru, lakini hautoshi. Mtu mmoja mwema aliyetolewa katika taifa zima huthibitisha hukumu juu ya wengine. Lewis alimlaani nyani kwa kumvika punda ngozi isiyo yake. Yeye mwenyewe aliwavika watu wengi, wanaofanana na nusu ya dunia, ngozi ya adui.

Kosa la pili ni Susan. Kati ya watoto wanne waliopita kabatini katika kitabu cha kwanza, watatu wamo katika nchi mpya ya mwisho. Susan hayumo. Tunaambiwa kwa haraka kwamba si rafiki wa Narnia tena, kwamba hajali ila soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko, na mazungumzo yanahamia kwenye matunda. Kisha tunajulishwa kwamba wote waliomo humo, na wazazi wao pia, wamekufa katika ajali ya treni huko Uingereza. Maana yake ni kwamba msichana mmoja amebaki duniani na maiti za baba, mama, kaka wawili na mdogo wake, na kitabu hakina hata sentensi moja ya kumlilia. Neil Gaiman aliandika hadithi fupi nzima kwa ajili ya jeraha hilo, na Philip Pullman amelikemea hadharani. Mjukuu wangu hakuwajua hao. Alisema tu, "Na Susan je?" Nilipoendelea kusoma alinifunika ukurasa kwa kiganja.

Nitasema kwa nini kiganja kile kilinigusa. Katika nyumba yetu alikuwapo Susan. Dada yangu mkubwa alikwenda mjini kufanya kazi, akarudi sikukuu moja na sketi fupi na midomo myekundu. Baba alisema jina lake lisitajwe chakulani. Halikutajwa kwa miaka tisa. Sisi wadogo tuliendelea kula, na matunda yalikuwapo, na hakuna aliyethubutu kuuliza "na dada je?" Alirudi baadaye, baba akiwa amekwisha kulazwa kaburini. Sijasahau kwamba mimi pia nilinyamaza, nikiwa na umri wa mjukuu huyu.

Lewis, katika barua aliyomwandikia mtoto mmoja mwaka 1957, alieleza kwamba Susan yu hai, na kwamba bado ana muda wa kubadilika na kufika kwa njia yake. Nafurahi kwamba aliandika hivyo. Lakini mlango uliofungwa kitabuni haufunguliwi kwa barua ya mtu mmoja. Hufunguliwa na msikilizaji.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokificha kitabu hiki, wala na wanaokisoma kama hukumu isiyo na rufani. Fasihi yetu simulizi haikumjua msikilizaji bubu. Hadithi isiyoitikiwa haikuendelea, na bibi aliyesimulia vibaya aliulizwa palepale. Mtoto aliyefundishwa na Puzzle kuitazama ngozi hadi aone mshono ataitazama na ngozi ya Calormen, kisha atauliza nani amemwacha Susan nje na kwa idhini ya nani. Akiuliza hivyo, kitabu kimefanya kazi yake, hata kama mwandishi hakuikusudia.

Tulimaliza usiku uliofuata. Kabla ya kufunga, nilimwambia mjukuu wangu kwamba wema wa hadithi hii ni wetu sote na ubaya wake ni wa msimulizi, kisha nikamwachia yeye amsimulie Susan. Alimpa nauli, akampandisha treni isiyoanguka. Asubuhi tulimpigia simu dada yangu.

Mwongo haji kwa uwazi, huvaa ngozi ya simba,
Mtazame vyema uzi, na fundo lake la kamba,
Mtoto wako mjuzi, akihoji si kutamba,
Mlango wa simulizi, wazi kwa wote wa nyumba.