Pamba yaenda bara kwa lori, leso zarudi kwa basi

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya basi kutoka Mombasa kuja Mokowe. Tulipokaribia Witu tukapishana na lori lililosheheni magunia ya pamba hadi kamba zikakaza, na vishungi vyeupe vimenasa kwenye miiba kando ya njia kila lilikopita. Juu ya basi letu palikuwa na marobota matatu ya leso, mali ya mwenye duka mmoja wa Langoni aliyeketi kiti cha nyuma yangu. Nikamgeukia, nikamuuliza hizo leso zimetoka wapi. "India, bwana. Na hizi nyingine China. Kwani wewe ulitaka zitoke wapi?"

Watu ndani ya basi walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake sijalitua hadi leo. Pamba ya kwetu inatoka, nguo ya wenzetu inaingia, na zinapishana kwenye lami moja pale Witu.

Nikilisema hili barazani, jibu la kwanza huwa lile lile: pamba ni mambo ya watu wa Mpeketoni, sisi wa visiwani yatuhusu nini? Ni kweli kwamba wakulima wengi wa pamba ni wale wa skimu ya Ziwa Kenyatta, iliyoanza miaka ya 1970, na majirani zao wa Witu na Hindi. Na mambo ya ardhi ya skimu ile yana uchungu wake ambao sitaufunika kwa shuka la pamba. Ila tusijifanye kwamba uzi ni mgeni visiwani. Pale Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba miaka ya 1980 walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Hivyo ni vya kuwekea uzito kwenye pia ya kusokotea uzi. Wareno walipofika pwani hii waliziandika nguo za hariri za Pate kama mali ya thamani iliyotafutwa mbali. Wafumaji walikuwepo, wanunuzi walikuwepo. Baadaye, karne ya 19, likaja lile gora jeupe kutoka Massachusetts, likaingia kupitia Unguja baada ya mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833, na bei yake rahisi ikamtoa pumzi mfumaji wa kienyeji. Jina lake tunalo mpaka leo: marekani.

Kwa hiyo kununua nguo ya mbali hakukuanza na duka la Langoni. Tofauti ni kwamba leo tunalima malighafi yenyewe na bado hatuipati.

Nawaomba tuitazame ile lori vizuri, maana hesabu yake ni nyepesi na inauma. Pamba ikitoka shambani ina mbegu ndani. Katika kila kilo 100, nyuzi ni kama kilo 35, na karibu zote zilizosalia ni mbegu. Tuseme lori limebeba tani 10: tani tatu na nusu ni nyuzi, na zaidi ya tani sita ni mbegu. Yaani sehemu kubwa ya mafuta ya gari, na ya jasho la mpakiaji, inakwenda kusafirisha mbegu hadi kwenye kinu cha kuchambulia kilicho mbali. Na gharama hiyo hailipwi na mnunuzi kutoka mfukoni mwake. Anaikata kwenye bei ya mkulima kabla hata hajatia mguu shambani.

Mbegu hiyo si taka. Ikikamuliwa hutoa mafuta ya kupikia, na kinachobaki ni mashudu, chakula cha ng'ombe. Sote tunakumbuka ukame wa 2021 na 2022, jinsi mizoga ilivyolala njiani. Wafugaji wa pande za Witu walikuwa wakitafuta lishe kwa udi na uvumba, na mashudu yao yalikuwa yamekwisha kuondoka kwa lori. Kwangu mimi hoja hii peke yake yatosha kutaka pamba ichambuliwe humu humu kaunti, kabla hatujafika kwenye nguo.

Mkulima mmoja ninayefahamiana naye, mama mwenye ekari tatu, alinieleza kwa simu kwa nini mwaka huu amepunguza pamba na kuongeza ufuta. "Kaka, pamba naipanda sijui bei. Naipalilia sijui bei. Naichuma, mnunuzi anakuja ndipo ananiambia bei, na magunia yako mlangoni mvua yaja. Hapo utabishana?" Kisha akaongeza kwamba kuna msimu aliopewa karatasi badala ya pesa, akasubiri miezi. Na hajataja bado tembo, nyati na viboko, ambao huko hawangoji mavuno.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanasiasa wetu. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia tutasikia habari za kiwanda, na kila mtu atapiga picha na jiwe la msingi. Mashine ndiyo rahisi. Kinu kisichopata pamba ya kutosha msimu mzima hulala, na kinu kikilala hukaliwa na popo. Pamba ya kutosha itatoka kwa yule mama, naye atapanda akijua bei kabla ya masika na akilipwa siku ya mizani. Fedha za kaunti zingeanzia hapo: mfuko wa kununulia kwa taslimu, unaosimamiwa na ushirika wa wakulima wenyewe, na hesabu zake zibandikwe ukutani watu wasome. Mbegu nazo. Serikali iliidhinisha pamba ya Bt mwishoni mwa 2019 ili kupambana na funza wa vitumba, na wapo wanaoisifu. Lakini ni mbegu chotara, ya kununuliwa upya kila msimu. Ikichelewa dukani wiki tatu, mvua haimsubiri mtu.

Jirani zetu wa Tana River wanayajua haya. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulianza mwisho wa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, zao kubwa likiwa pamba. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli kutoka mtoni. Gharama zikapanda, pampu zikafa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wakulima walioletwa kutoka mbali walibaki na makorongo makavu. Pamba yetu ya Lamu hunywa mvua tu. Ni udhaifu mwaka wa ukame, lakini haimdai mtu dizeli.

Na nguo je? Nitasema wazi ingawa wapo watakaonuna: leso hatutaiweza. Hakuna kitanda cha mfumi kitakachoshinda bei ya yale marobota, na anayeahidi hivyo anatania. Kusokota uzi kwenyewe kunataka mitambo ya mabilioni. Ile iliyopo iko Thika, na Eldoret kwenye kiwanda cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007 na kikafunguliwa upya 2019 kikiwa na mashine mpya. Basi pamba ichambuliwe hapa, nyuzi zipelekwe huko zikasokotwe kwa mkataba, na uzi urudi. Akirudi nao mtu Amu, kazi ipo. Vikoi vya mkono, ambavyo mgeni wa Shela hulipia mara tatu akijua mfumaji ni nani. Kitambaa cha tanga, ambalo mafundi wetu bado hushona kwa mkono. Bafta ya kofia.

Hiyo ya kofia inanigusa nyumbani. Dada yangu hushona kofia za mkono, na moja humchukua miezi. Wakati wa Maulidi ya Riyadha wageni huzigombania. Siku moja nilimwuliza katika kofia ile ni kitu gani cha Lamu. Akaigeuza, akatazama kitambaa, akatazama uzi, hata sindano akaitazama. "Macho yangu," akasema, akaendelea kushona.

Vikao vya maoni ya wananchi juu ya bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka, na mara nyingi watu wa visiwani hufika kwa mambo ya uvuvi na bandari tu. Safari hii mimi nitakwenda na swali la pamba. Ningependa nimkute yule mama wa ekari tatu upande mmoja wa benchi, na yule mwenye duka wa Langoni upande wa pili.