Miguu Yetu, Hesabu za Wengine

Tarehe 15 Septemba 2025, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia wakiwa bega kwa bega. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Jicho la binadamu lilishindwa kuamua, ikaamua kamera: Simbu katangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Tulishangilia, na haki tulikuwa nayo. Lakini, ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu waliouliza kamera ile hufanyaje kazi? Haina habari na uwanja wala watazamaji. Huukodolea macho mstari wa mwisho peke yake, na ukanda huo mwembamba huupiga picha maelfu ya mara kila sekunde, kisha vipande vyote hupangwa kimoja baada ya kingine. Picha inayotokea haionyeshi mahali pengi kwa wakati mmoja. Yaonyesha mahali pamoja kwa nyakati nyingi. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili. Kichwa, mkono na mguu havimo, na ndiyo sababu mkimbiaji anayejua kanuni hutupa kifua mbele hatua ya mwisho.

Sasa tupige hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Mita 42,195 kwa sekunde 7,788 ni mita 5.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.03, unapata sentimita 16. Pale mwishoni walikuwa wanatimka kwa kasi kuliko wastani huo, basi tuseme shibiri moja. Baada ya kilomita 42, bingwa wa dunia alijulikana kwa shibiri! Natamani kila mwalimu wa hesabu nchini angeliandika swali hili ubaoni asubuhi iliyofuata.

Hapo ndipo penye lawama yangu. Katika nyumba zetu mtoto huambiwa achague: ama mpira, ama vitabu. Mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kufutwa. Na upande wa pili wapo makocha wanaomwambia kijana mwenye mbio kwamba hesabu si yake, yeye ana miguu. Pande zote mbili zinamdanganya mtoto. Uwanja wa michezo wa leo ni darasa la fizikia lenye nyasi, na asiyejua kinachofundishwa humo atakimbia kwa faida ya anayejua.

Najua wazee watanijibu kwa jina la Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli. Lakini Bikila hakuokotwa njiani. Alifundishwa kwa mpango na kocha Onni Niskanen kutoka Sweden. Tena mwaka 1964, huko huko Tokyo, alivaa viatu na kupunguza muda wake kwa zaidi ya dakika tatu. Kisa cha pekupeku tunakisimulia kila mwaka, cha viatu hatukitaji.

Tutazame Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Moyo ule ni wake, hakuna wa kumnyang'anya. Ila moyo huo ulizungukwa na hesabu kila upande. Waliteuliwa wasindikizaji 41, wakipokezana kwa makundi. Watano walikwenda mbele yake wakiwa wamejipanga kama herufi V, ncha ikielekea kwake, na wawili wakamfuata nyuma. Mbele yao gari lilimulika mistari ya mwanga barabarani, kuwaonyesha mwendo wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Sababu ya mpango ule ni upepo. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: ongeza mwendo maradufu, hewa itakuzuia mara nne. Mtu anayekimbia kilomita 21 kwa saa anapambana na ukuta asiouona, na wahandisi waliutafutia njia ya kuupunguza. Kwa sababu ya misaada hiyo muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na naona ilikuwa haki.

Mfananishe na Filbert Bayi wa Tanzania, Christchurch, mwaka 1974. Katika mita 1,500 alishika uongozi tangu mwanzo, akaukata upepo mwenyewe hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker, aliyekuja nyuma yake, naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Sijui kama kuna shule yetu hata moja inayolifundisha tukio hilo katika somo la fizikia.

Viatu navyo vina habari yake. Soli nene za povu jepesi, zenye bamba la nyuzi za kaboni ndani, zilibadilisha mbio za barabarani kiasi kwamba mwaka 2020 shirikisho la riadha duniani lililazimika kuweka mpaka: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja. Wanaovipa viatu hivyo sifa ni vijana wa Eldoret na Singida. Maabara ziko Oregon, Ujerumani na Japani, na faida huingia huko. Kenya wamethubutu na viatu vya Enda, nawapongeza. Sisi wengine bado tunapanga foleni kununua.

Sayansi hiyo hiyo ina mlango wa nyuma. Anayekaa nyanda za juu, kama Iten nchini Kenya, huongeza chembe nyekundu za damu taratibu kwa kazi ya mwili wake. Mjanja huzitafuta kwa sindano. Tangu mwaka 2009 wakaguzi huweka kumbukumbu ya damu ya mwanariadha, wakilinganisha kipimo cha leo na cha miezi iliyopita, na Wakenya kadhaa wamefungiwa. Kijana aliyefundishwa himoglobini ni nini ana nafasi nzuri zaidi ya kumkatalia daktari wa uchochoroni kuliko aliyefundishwa kutii tu.

Walimu wenzangu, tusingoje maabara. Msimu wa michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ukifika, viwanja huchorwa kwa chokaa na kwa kukisia, kisha mtoto wa njia ya nje hulalamika kwamba kaonewa. Pengine kweli kaonewa. Njia ina upana wa mita 1.22, na kona mbili za uwanja zikiunganishwa ni duara kamili. Kwa hiyo, katika mbio za mzunguko mmoja, kila njia inapaswa kuanzia mbele ya ile ya ndani yake kwa mara mbili ya pai ukizidisha kwa 1.22, yaani mita 7.67, tukiacha tofauti ndogo ya njia ya kwanza. Wapeni kazi hiyo wanafunzi wenyewe, wale wa hesabu na wale wa mbio pamoja. Wawe na kamba, futi ya fundi ujenzi, ndoo ya chokaa na daftari, wazipime njia siku moja kabla ya mashindano, na mwalimu mkuu azikague kwa hatua zake kabla filimbi haijapulizwa.