Fimbo Ikipungua, Nani Anaharibika?

Ukitaja mafunzo ya malezi kwa wazazi wenye watoto waliobalehe, majibu unayopewa ni yaleyale, iwe kwenye daladala au kwenye kikao cha ukoo. Nitayajibu nikishika jaribio moja la mafunzo hayo: Sinovuyo Teen, lililofanyika Eastern Cape, Afrika Kusini, mwaka 2015 na 2016. Lilikusanya familia 552 kutoka maeneo 40, mengi ya vijijini, zote zikiwa na ugomvi na kijana wa miaka 10 hadi 18. Nusu ya maeneo ilipata vipindi 14, mlezi na kijana wakihudhuria wote wawili. Nusu nyingine ilipata semina fupi ya usafi.

“Samaki mkunje angali mbichi, huyo wa miaka kumi na tano ameshakauka.” Anayepika ng'onda anajua kwamba samaki mkavu huloweshwa kwanza. Ndicho walichofanya kule kwa vile vipindi 14.

“Mambo ya Wazungu hayo.” Nakubali kwamba Chuo Kikuu cha Oxford kilihusika, pamoja na vyuo vya Afrika Kusini, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Lakini walioendesha vipindi ni watu wa jamii zilezile, na aliyekosa kipindi alifuatwa nyumbani kwake. Jina lenyewe ni la Kixhosa, lina maana ya kuwa na furaha. Mafunzo hayo yalipoletwa Tanzania yakaitwa Furaha. Na tangu lini bakora ikawa mila pekee tuliyoachiwa na mababu? Bibi zetu walikuwa na hadithi, mafumbo, na lile jicho moja tu lililokunyamazisha mbele ya wageni.

“Mchelea mwana kulia hulia yeye. Acheni fimbo mwone wahuni.” Hii ndiyo hoja nzito, maana wanaoisema wanaogopa kweli. Miezi 5 hadi 9 baada ya mafunzo, kwa maelezo ya walezi, ukatili ulikuwa chini kwa karibu nusu ukilinganisha na maeneo mengine. Mtu atasema wazazi walidanganya kwa aibu. Basi aulizwe kijana, na aliulizwa: kwa maelezo ya vijana tofauti ilikuwa ndogo, wala haikuwa ya uhakika kitakwimu. Sasa, je, waliharibika? Ukaidi na utundu wao haukupungua, nisiwafiche. Anayemwambia mzazi kwamba akihudhuria vipindi hivi mwanawe atarudi malaika anamuuzia mbuzi kwenye gunia. Ila haukuzidi pia, na matumizi ya pombe na dawa za kulevya miongoni mwa vijana yalishuka. Kama fimbo ndiyo iliyokuwa inawazuia, na kama walezi walisema kweli, walipochapwa kidogo wangepaswa kutushinda. Hawakutushinda.

“Maskini anahitaji hela, si mahubiri.” Nusu ya hoja hii ni yangu pia. Mama aliyeshinda sokoni na kurudi na madeni hana subira ya kusikiliza kisa cha simu iliyopotea. Ndiyo maana vipindi viligusa msongo wa mawazo na namna ya kupanga matumizi ya nyumba na kuweka akiba. Msongo wa walezi ulipungua. Kutelekezwa kwa watoto, hata hivyo, hakukupungua. Sufuria tupu haijazwi na kipindi.

“Hata akiachwa nyumbani, shuleni atachapwa.” Hapo sina jibu la kumridhisha mtu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya vijana 7 kati ya 10, wa kike na wa kiume, wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Kanuni zetu bado zinaruhusu hadi viboko vinne. Mzazi aliyehitimu vipindi vyote 14 ataweka fimbo chini Jumapili jioni, kisha Jumatatu asubuhi amtume mwanawe shule.