KOMPRESA HAIPIMWI KWA TANGI



Katika mkutano mkuu ujao tutaletewa hoja hii: chama kinunue kompresa ya nguvu za farasi 3 yenye tangi la lita 200, tupige mchanga na kuondoa kutu kwenye tangi la maji, matrela mawili na milango ya ghala kabla ya msimu wa korosho. Kuondoa kutu tunaunga mkono. Rangi ikipakwa juu ya kutu inabanduka tu, na fedha zimekwenda. Lakini kompresa hiyo, sisi wa kamati ya gazeti hili tunasema isinunuliwe.

Tumesikia watu wakisema, "Tangi lake kubwa bwana, upepo hauishi." Jamani, tangi ni ghala, si shamba. Ghala liwe kubwa namna gani, kama shamba halizai, litabaki tupu. Kinachozaa upepo ni pampu. Uzazi wake hupimwa kwa futi za ujazo kwa dakika, na kwenye kibao cha mashine huandikwa CFM.

Sasa tupige hesabu. Nozeli, ile pua inayotoa mchanga, ikiwa na tundu la robo inchi na mgandamizo wa PSI 100, inakula futi 81 kila dakika. Tundu la thumni ya inchi, yaani nusu ya robo, linakula futi 20. Mnaona? Upana ukizidi mara mbili, upepo unaliwa mara nne.

Kompresa ya farasi 3 inatoa futi 10 hadi 12 hivi. Haitoshi hata tundu dogo. Na lile tangi la lita 200? Mgandamizo ukishuka kutoka PSI 120 mpaka 80, linakuwa limetoa kama futi 19 za upepo. Kwa tundu la robo inchi, hizo zinakwisha kwa sekunde 16 hivi. Kwa tundu la thumni utapata dakika 2, halafu fundi akae chini karibu dakika 2 nyingine akingoja tangi lijae. Kutwa nzima mashine inanguruma bila kupumzika, mpaka iungue. Ni kompresa nzuri kwa fundi pancha. Kwa kazi yetu haifai.

Mwenye busara huanza na nozeli, siyo bei ya dukani. Futi 81 za robo inchi. Ongeza futi 20 za hewa ya kofia ya mpiga mchanga, maana lazima avute hewa safi iliyochujwa, isiyo na mafuta wala moshi wa injini. Hapo ni 101. Tena mchanga hula nozeli yenyewe. Tundu la robo inchi likipanuka kidogo tu, likafika inchi tano za kumi na sita, linadai futi 137. Kwa hiyo ongeza nusu, uwe na 150. Kompresa ya namna hiyo ni ile ya dizeli inayokokotwa na gari, yenye futi kama 185, wanayotumia watu wa barabara na wa kutoboa miamba. Umeme wa nyumba zetu, wa fezi moja, hauiwezi. Na wakati wa masika upepo ukigandamizwa hutoa maji, mchanga ukaganda kwenye mpira. Bila mtego wa maji kazi hailali sawa.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatuna haja ya kufundishwa na watu wa mbali hasara ya mashine iliyotangulia hesabu. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta yaliletwa kabla ardhi na mvua havijapimwa sawasawa. Mwaka 1951 wakakubali kushindwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa. Serikali yao iliweza kustahimili hasara hiyo. Chama chetu, je?

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko fedha. Ati mchanga tutachota mtoni bure. Ndugu zetu, mchanga wa mtoni una mawe meupe ya kwatzi. Ukipigwa kwa upepo unakuwa vumbi laini lisiloonekana, linakwenda chini ya mapafu na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na dawa ya kuuponya hakuna. Kitambaa puani hakizuii. Uingereza walikataza mchanga huo katika kusafisha vyuma vya kalibu kwa kanuni za mwaka 1949. Kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kijana atakayeshika mpira huo ni mtoto wa mmoja wetu.

Basi tunashauri hivi. Milango na matrela tuyasugue kwa brashi ya waya na msasa, tupake rangi ya kuzuia kutu. Tangi la maji tumkodi mwenye kompresa kubwa kwa siku chache, aje na ganeti au mchanga mwingine usio na kwatzi, kofia ya hewa na mtego wa maji. Na kila atakayetuletea bei ya kompresa aulizwe kwanza: inatoa futi ngapi kwa dakika, kwa PSI ngapi? Akijibu lita za tangi, tumshukuru, aende zake.

Rahisi huvunja upishi. Mwenye hesabu tofauti na hii aje nayo mkutanoni, tuisome pamoja.

Ushirika ni nguvu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani