Acheni kuisingizia damu

Kwetu Kijenge, Arusha, posa haianzi na mahari, inaanza na upelelezi. Kabla mshenga hajafunga safari, kuna shangazi ameshatumwa kunong'ona na majirani: kwao kuna kifafa? Kuna uchawi? Kuna kichaa? Nimewahi kukaa kikao cha namna hiyo, binti wa watu, mwalimu, akakataliwa kwa kuwa mjomba wake aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. "Ni damu yao hiyo," akasema mzee mmoja, akamalizia soda yake. Hakuna aliyebisha. Nami nilinyamaza, na kunyamaza kule kunanikera hadi leo.

Basi nabisha sasa. Sisemi ugonjwa wa akili haurithiwi. Kwa sehemu unarithiwa, na anayekana hilo anadanganya. Lakini watazameni mapacha wa kufanana, waliotoka kwenye yai moja wakiwa na vinasaba vilevile. Mmoja akiugua skizofrenia, uwezekano wa mwenzake kuugua ni kama nusu tu, pengine chini ya hapo. Kama damu ndiyo hakimu, huyu wa pili kaachiwaje?

Waliolelewa kwenye miteremko ya Meru hawahitaji maabara kulielewa hili. Mfereji aliochimba babu upo palepale, lakini migomba yako inanyauka, kwa sababu huko juu kuna mtu ameuziba kwa tope na magome. Jeni nazo ndivyo. Mwili hubandika juu yake vijikemikali viitwavyo methili, kaboni moja na haidrojeni tatu, na mara nyingi jeni iliyobandikwa mahali pake pa kuanzia kusomwa hufifia au hunyamaza. Hakuna herufi yake hata moja iliyobadilika. Elimu ya kuziba na kuzibua huku ndiyo epijenetiki.

Nani anaziba? Mwaka 2004, Michael Meaney na Moshe Szyf wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba vitoto vya panya visivyolambwa vya kutosha na mama zao vilizibwa jeni moja ya ubongoni, ile inayosaidia kuzima homoni za msongo hatari ikishapita. Panya hao wakakua na woga usiotulia. Walipobadilishana walezi wakiwa wachanga, alama hizo za methili zilimfuata aliyelea, si aliyezaa. Na dawa iliyoingizwa kwenye ubongo wa panya waliokwisha kukomaa ilizifuta. Mwaka 2009 kundi hilohilo likapima ubongo wa marehemu wa Quebec waliojiua. Wale 12 waliodhulumiwa utotoni walikuwa na jeni hiyohiyo imezibwa. Wale 12 waliojiua bila historia hiyo, jeni yao haikuwa imezibwa hivyo.

Sisi wa Arusha tungepaswa kuwa wa kwanza kusikia haya. Pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, mwendo wa miguu tu kutoka Kijenge, ndipo ilipokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Ilihukumu wauaji. Kilichoandikwa miilini mwa walionusurika hakikuwa kazi yake. Mwaka 2014 Nader Perroud wa Geneva na wenzake, wakiwemo Wanyarwanda, waliwapima akina mama 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito katika mauaji yale, pamoja na watoto wao, wakawalinganisha na wengine 25 waliobeba mimba wakati uleule mbali na mauaji. Mama na watoto wa kundi la kwanza walikuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni ileile, na dalili nzito zaidi za sonona na kiwewe. Huo nao ni ukoo wa kichaa? Mzee wa soda angewaambia nini?

Ni kweli, wanawake 50 ni wachache, na kilichopimwa ni damu, maana ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande kirahisi. Tena watoto wale walilelewa na mama waliojeruhiwa, kwa hiyo huwezi kutenganisha kwa uhakika kilichotoka tumboni na kilichotoka jikoni. Lakini hata mashaka hayo hayaipi damu ushindi.

Ila nawajua watu wangu. Ukoo ukishindikana kulaumiwa, atasakwa mama: alikuwa na mawazo mno akiwa mjamzito, ndiye kamharibu mtoto. Hapana. Mama hakuuziba mfereji kwa mkono wake. Muulizeni aliyempiga, aliyemwacha na njaa, aliyemfukuza na mimba ya miezi saba.

Mshenga, ukifika Kijenge kuuliza kama kwao kuna kichaa, uliza na hili: tangu mjomba yule apelekwe Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, nani wa ukoo alipanda basi kwenda kumwona?